Geti la Njia ya Kambi

Mume wangu alikuwa dereva wa injini ndogo katika shamba moja la mkonge upande wa Maramba. Nasema injini ndogo kwa sababu mtu akisikia reli hufikiria gari la moshi lenye mabehewa na abiria. Hii yake ilikuwa ya dizeli, kimo chake hakimpiti mtu mzima, nayo ilivuta vitoroli vilivyosheheni majani ya mkonge kutoka shambani hadi kiwandani, kwenye ile mashine ya kukamulia singa ambayo kila mtu aliiita korona. Yeye alilala huko huko shambani. Mimi nilikaa Chumbageni kwa mama yake. Kila mwisho wa mwezi alishuka mjini, akakaa siku mbili, akarudi, na mashuka yakabaki yananuka dizeli hata baada ya kufuliwa. Tulikuwa hatujajaaliwa mtoto.

Masika moja, miaka ya hamsini ikiwa bado michanga, alirudi katikati ya mwezi. Nilimwona amesimama mlangoni, amelowa, mikono mitupu. Mama mkwe akamuuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Nikamwekea maji ya moto akaoga, nikamwekea chakula akakitazama. Siku zile za mwanzo alikuwa akijibu akiulizwa, asipoulizwa hasemi.

Siku moja nilikuwa uani nakuna nazi, akaja akaketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Nimeua mtu," akasema.

Niliacha kukuna. Nikamgeukia.

"Iko mahali njia ya kambi inakata reli. Mkonge umesimama pande zote mbili, humwoni mtu mpaka yuko juu ya chuma. Mvua ilikuwa inanyesha. Yeye kajifunika gunia kichwani, lile la kuingiza kona moja ndani ya nyingine, na juu yake debe la maji. Nilipiga honi. Nilikamata breki. Lakini vitoroli vilijaa, mke wangu, na reli imelowa. Vilinisukuma tu. Nilikuwa namtazama mgongo wake, na vilinisukuma tu."

"Akafa pale pale?"

"Alikufa jioni."

Marehemu alikuwa manamba, mmoja wa wale vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka mbali kuja kukata mkonge. Mume wangu alitaka kujua kwao ni wapi ili apeleke rambirambi. Wenzake wa kambini walimtajia nchi tu, huko milimani kusini, hawakujua kijiji wala jina la baba yake. Walimzika nyuma ya kambi. Askari alikuja akauliza maswali, akaondoka. Hakuna aliyemlaumu mume wangu. Nyapara alimwekea mkono begani akamwambia, "Ndugu yangu, ajali haina kinga," na kesho yake asubuhi wakamtaka apande injini kama kawaida. Alipanda, akafika karibu na pale, akazima, akashuka, akatembea kwa miguu mpaka barabarani.

Mama mkwe alipoambiwa alilia, kisha akasema ni kudra ya Mungu na ajali haina kinga. Majirani waliokuja kutupa pole walisema hivyo hivyo. Ni maneno yetu, husemwa kila siku, na msemaji huwa na nia njema. Lakini nilimwona mume wangu kila alipoyasikia. Alikuwa akitazama chini na kusugua kidole gumba juu ya goti, kama anayefuta doa.

Mara moja tu aliyajibu maneno hayo, tena kwangu mimi. Tulikuwa tumebaki wawili, mgeni ametoka. "Kinga ilikuwepo," akasema. "Hatukuiweka."

Alikoma kutoka nje. Swala zake aliswali chumbani, hata Ijumaa. Stesheni haikuwa mbali na sisi, na filimbi ya gari la moshi ikilia alikuwa akishusha tonge sahanini, akangoja mpaka gari liishe kupita, na mara nyingi tonge hakulichukua tena. Alikonda hadi kola ya shati ikaacha shingo. Mimi nilikuwa nasuka ukili na kuuza vitumbua asubuhi. Mama mkwe alikuwa na minazi michache Mtang'ata, kwao alikozaliwa. Tukaishi hivyo.

Kilichomwinua ni gramafoni ya jirani. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa bibi mmoja wa Kiarabu, wa zile familia zilizotoka Omani zamani, mjane. Alijua kwamba mume wangu ana mkono wa mashine, akamtuma mtumishi wake alete sanduku la gramafoni lililokuwa limekatika springi. Mume wangu alilifungua juu ya mkeka, akatazama, akanituma nikamwambie bibi kwamba inawezekana kutengenezwa.

Bibi alinisikiliza, kisha akasema, "Basi mwambie akishaitengeneza asiirudishe. Aliyekuwa akiisikiliza kafa. Nilitaka itoke tu humu ndani, nikakosa sababu ya kuitupa."

Nilirudi na jibu hilo. Mume wangu alikuwa ameshaitoa mota yake. Ilikuwa ya kujazwa kwa mkono, na pembeni ilikuwa na vijipira vitatu vya chuma vilivyoshikwa na bati jembamba. Alizungusha gurudumu kwa kidole, vile vijipira vikafunguka kama sketi ya mtoto.

"Unaona hivi?" akaniuliza. "Ikienda mbio mno, hivi vinatanuka vinaikamata. Kitu cha kuimbia nyimbo, nacho kimewekewa kinga."

Ule mkanda wa springi ulikuwa umekatika kwenye ncha. Aliipasha ncha moto juu ya jiko la makaa mpaka ikawa nyekundu, akaiacha ipoe taratibu isije ikavunjika, akatoboa tundu jipya kwa msumari na nyundo. Aliukunja mkanda ndani ya kopo lake kwa mikono, ukamkata viganja mara mbili, damu ikatona mkekani. Mama mkwe alisimama mlangoni akitazama. Jioni ile mume wangu alikula chakula chote.

Kesho yake aliondoa mlango wa banda la kuku, ubao mmoja mpana, akaupiga randa. Akapasua vijiti akavipanga kuwa mataruma ya kulazia reli. Reli alizitengeneza kwa mikanda ya chuma ya kufungia makasha, ile inayotupwa nyuma ya maduka, akaisimamisha kwa ubavu na kuipigilia misumari midogo. Kijiinjini alikikata kwa bati la mafuta ya taa, na vitoroli vitatu nyuma yake. Havikuwa na nguvu yoyote ndani yake. Vilivutwa na uzi wa kuvulia samaki uliopita chini ya ubao, na uzi ulivutwa na mota ya gramafoni. Pande zote mbili za reli alichomeka makumbi ya nazi aliyoyachana yakasimama kama mkonge. Hapo ndipo nilipopatambua mahali penyewe, ingawa sikuwahi kufika.

"Mwanangu anacheza," mama mkwe aliniambia jikoni. "Wanaume wenzake wako kazini, yeye anatengeneza gari la bati. Zungumza naye, wewe ndiye mkewe."

Nilizungumza naye. Hakukasirika.

"Nataka meneja aone," akasema. "Nilimwambia kwa mdomo kabla hata haijatokea, nikamwambia pale pabaya, akaitikia ndiyo, ndiyo. Maneno yanapita. Nikimwekea mbele ya macho geti linaloshuka lenyewe injini ikikaribia, na kengele inalia, atajua ni kitu kinachowezekana."

"Na litashukaje lenyewe?"

"Hilo ndilo ninalotafuta. Nahitaji mota ya waipa."

Nilijua waipa ni ile fimbo ya kufutia mvua kwenye kioo cha lori. Alinieleza kwamba mota nyingine huzunguka upande mmoja tu, lakini ile ya waipa mkono wake huenda ukarudi, huenda ukarudi, nao ndio mwendo wa geti, kushuka na kupanda. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kunieleza jambo refu. Lakini kwenda kuitafuta alikuwa hawezi. Alifika mlangoni, akashika kizingiti, akarudi ndani.

Basi nilikwenda mimi. Kulikuwa na gereji ya fundi mmoja wa Kihindi, na nyuma yake malori mabovu yaliyozama kwenye majani. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za mvi. Nilimwamkia, nikamweleza ninachotaka. Alinitazama kuanzia ukaya wa kichwani hadi miguu.

"Mama, hiyo ya kufanyia nini?"

"Ya mume wangu. Anatengeneza kitu."

"Mume wako haji mwenyewe?"

"Haumwi, lakini hawezi kuja."

Akanielekeza kwa kidole kwenye lori moja lililoungua nyuma, mbele pazima. Nadhani alidhani nitarudi nyumbani. Nilivua buibui, nikalikunja nikaliweka juu ya boneti, nikapanda ndani na spana aliyonipa mume wangu. Mota ilikuwa juu ya kioo, kwa ndani, imefungwa kwa nati mbili zilizoshikwa na kutu. Nilining'inia kwenye spana mpaka mkono ukafa ganzi. Kulikuwa na mchwa kwenye kiti, na kiota cha panya. Hatimaye fundi alikuja akasimama dirishani.

"Spana hiyo si yake," akasema, akanipa nyingine, na mafuta kidogo ndani ya kopo. "Weka haya, ngoja, halafu jaribu."

Niliweka, nikangoja, nikajaribu, ikaachia. Aliponiona nashuka na mota mkononi na uso mweusi kwa masizi, hakucheka. Akaniuliza ni kitu gani hicho anachotengeneza mume wangu, nami nikamweleza chote, hadi mtu aliyekufa. Kisha akaingia ndani akanitolea mota ya feni ya dari iliyoungua. "Hii haifanyi kazi," akasema, "lakini waya wa ndani mzuri bado upo. Mwambie afungue polepole."

Mota ya waipa nayo ilikuwa mbovu. Mume wangu aliifungua akakuta yale makaa mawili madogo, yanayopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, yamelika yamebaki kama kucha. Hakukuwa na duka la kuyauza mjini, au kama lilikuwepo hatukulijua. Akakaa na tatizo hilo siku kadhaa. Halafu akapasua betri ya tochi iliyokwisha, akatoa kile kijiti cheusi cha katikati, akakikata na kukisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka kikapata umbo la makaa. Alisugua na kupima, akasugua na kupima. Vidoleni mwake, ukutani, kwenye kikombe cha chai, kote kulikuwa na weusi. Cha kwanza kilivunjika, cha pili kilikuwa chembamba. Vilivyofuata vilikaa.

Waya wa feni tuliufungua uani. Ulikuwa mwembamba kama unywele, umepakwa gundi, na palipoungua ulikatika ukiugusa. Mume wangu alitaka kuuzungusha kwenye msumari mnene ili apate sumaku ya kupiga kengele, kengele yenyewe ikiwa ya baiskeli. Mama mkwe, aliyekuwa akipita na kunung'unika siku zote hizo, aliona ninavyokatakata, akaketi.

"Lete huku. Wewe unavuta kama unateka maji."

Mikono yake ilikuwa imezoea nyuzi za kofia. Aliuzungusha waya ule juu ya msumari, tabaka juu ya tabaka, karatasi ya sigara katikati, mchana kutwa, akisoma nyiradi chini kwa chini. Mume wangu alikaa karibu yake akimfungulia. Sikumbuki kuwaona wamekaa hivyo tena.

Betri ilikuwa kuukuu ya lori, naye fundi wa Kihindi ndiye aliyeitia umeme. Niliileta nyumbani kwenye kikapu, maji yake makali yakavuja yakala upindo wa buibui langu. Siku iliyofuata upindo ulikuwa matundu matupu.

Siku ya kujaribu, mume wangu aliweka ubao katikati ya ukumbi. Akajaza mota ya gramafoni, akaachia. Kile kijiinjini kilitembea, kikakanyaga kipande cha shaba alichokitandika juu ya reli, kengele ikalia kwa sauti nyembamba ya kukwaruza, na geti, lililotengenezwa kwa ubavu wa mwavuli na kupakwa nyeupe na nyekundu, likashuka. Vitoroli vikapita. Vikakanyaga shaba ya pili, geti likapanda. Alirudia tena na tena. Uso wake haukuwa na furaha, ulikuwa kama wa mtu anayekagua mlango kama umefungwa.

Mama mkwe alitazama mpaka mwisho. "Na yule mtu yuko wapi?" akauliza.

"Mtu gani, mama?"

"Huyo aliyefariki. Umeweka kila kitu, yeye hukumweka."

"Sitamweka," akasema mume wangu. "Hapa hafi mtu."

Tulikwenda Maramba, alikokaa shangazi yangu, kwa lori la mizigo, mimi na yeye, mara ya kwanza atoke nje ya mtaa tangu masika. Ubao ulifungwa ndani ya mkeka na kanga zangu mbili, betri miguuni. Njia nzima aliushika ule ubao kwa mikono miwili asiuachie hata kujikuna. Shamba lilianza mbali kabla ya kufika, mkonge mstari kwa mstari, hakuna mti, hakuna kivuli, na harufu ya uchachu wa maganda kutoka korona ikatupokea.

Meneja alikuwa Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu. Kiswahili chake kilikuwa cha amri, lakini hakuwa mtu mkali. Alimkumbuka mume wangu. Akatukaribisha kwenye ngazi za veranda, akaruhusu ubao uwekwe juu ya meza ya kahawa. Watoto wake, wa kiume na wa kike, wakaja bila viatu kutazama.

Mara ya kwanza kengele ililia geti halikushuka. Mume wangu alifungua mota, akasogeza makaa, akafunga. Mara ya pili kila kitu kilikwenda kama nyumbani. Watoto wakaruka. Meneja akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa geti, akacheka kwa furaha ya kweli, akamwita mkewe aje kuona.

"Wewe tengeneza hii mwenyewe? Mota hii toka wapi?"

"Kwenye waipa ya lori, bwana. Na hii ya gramafoni."

"Na makaa?"

"Betri ya tochi."

Meneja akatikisa kichwa, akamweleza mkewe kwa lugha yao, wote wakamtazama mume wangu kwa sifa. Kijiinjini kikatembezwa tena, na tena. Mume wangu aliwaachia wamalize. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Bwana, hili geti ni la pale kwenye njia ya kambi. Pale alipokufa yule mtu. Si lazima liwe la umeme. Hata mti mmoja na kamba. Hata kengele tu."

Meneja alikoma kucheka, na nitasema kweli, alimsikiliza. "Mimi nafahamu," akasema. "Lakini reli yangu ndefu. Watu pita kila mahali. Kama mimi weka geti hapa, watu pita pale. Kesho mtu nakufa pale. Mimi weka geti ngapi?"

Mume wangu alisimamisha kumbi moja lililokuwa limelala kando ya reli.

Yule mtoto wa kike alikuwa ameshajifunza kujaza gramafoni mwenyewe. Meneja akamshika kichwa, akasema, "Acha hii hapa. Watoto wangu napenda sana."

Nilidhani atakataa. Nilikuwa nimeshazishika zile kanga kuufunga ubao. Mume wangu alitazama ubao muda, akasema, "Watoto wachezee," akashuka ngazi. Hakugeuka nyuma, nami nikamfuata na mkeka mtupu.

Tulipita njia ya kambi kwa kuwa ndiyo iliyokwenda barabarani. Nilipapata pale mahali kama alivyopatengeneza, mkonge huku na huku, reli imelala kwenye udongo mwekundu, na njia ya miguu imechimbika kwa watu kupita. Tulikuwa hatujavuka tukasikia injini. Wanawake wawili walikuwa wanakuja na kuni kichwani, wanazungumza. Mume wangu aliingia mbele yao akanyosha mikono yote miwili. "Simameni, dada zangu." Walisimama, wanamshangaa. Injini ikapita na dereva mgeni juu yake, vitoroli vikafuata vinayumba. Ndipo akashusha mikono. Wanawake wakavuka.

Nikamwambia, "Twende, lori litatuacha."

"Tangulia," akasema.

"Nitangulie wapi bila wewe?"

"Maramba kwa shangazi yako. Mimi nakaa hapa mpaka wafunge kazi."

Nilimsihi sana. Nilimwambia mama yake anamngoja, nikamwambia watu watamwona mwehu. Alinijibu kwa upole, kama anayemjibu mtu aliye upande wa pili wa mto, na kila injini iliposikika alinyosha mikono. Jua likapungua, nikaenda kwa shangazi peke yangu. Asubuhi niliporudi nilimkuta pale pale, ameomba uji kambini, amesimama.

Alisimama hivyo wiki kadhaa bila mtu kumwajiri. Baadaye nyapara, nafikiri kwa kuona haya, alimsemea kwa meneja, akaandikwa kuwa mlinzi wa pale, mshahara chini ya ule wa udereva. Wakampa kitambaa chekundu. Alijenga kibanda cha makuti na kutundika kipande cha reli akikigonga kwa nyundo. Mimi nilirudi Chumbageni. Mama mkwe alikuwa ameanza kuzeeka vibaya na hakuwa na mwingine. Mume wangu alikuja mwisho wa mwezi kama zamani, ila sasa hakukaa siku mbili. Alifika, akamsalimia mama yake, akala, akaondoka alfajiri. Wakati mwingine hakuja. Nilipomuuliza alisema, "Nani atashika?"

Sikuwa na mume tena, kwa kweli, wala sikuwa nimeachwa. Shangazi alinishauri nidai talaka. Sikudai. Sijui kama ilikuwa mapenzi au uzito wa mwili.

Kisha, mwaka mwingine wa mvua nyingi, msichana wa kambini aligongwa. Hakuwa pale kwa mume wangu. Ilikuwa mbali, karibu na mto, mahali ambapo watu walikuwa wamejipasulia njia mpya ya mkato. Nilipopata habari nilimwachia jirani mama mkwe, nikapanda lori. Nilimkuta kwenye kibanda chake, kitambaa kimekunjwa magotini, nywele zimeingia mvi.

"Meneja alisema kweli," akaniambia.

"Basi turudi nyumbani."

"Alisema kweli," akarudia, na injini ikasikika, akainuka, akagonga kile chuma, akaenda kusimama njiani. Walikuwepo watoto watatu na mzee. Aliwazuia. Wakavuka. Akarudi akaketi, akakohoa kwa muda mrefu. Nilikuwa sijakisikia kikohozi kile.

Nilimpikia siku hizo, nikamfulia. Nilipitia nyumba ya meneja siku moja kumwombea dawa, nikauona ubao wetu umeegemezwa ukutani nyuma ya jiko, makumbi yameng'oka, mota zote mbili zimetolewa. Mpishi alisema watoto wamepelekwa shule Ulaya. Nilipewa dawa ya chupa. Haikusaidia kitu.

Alifariki masika hayo hayo, kifua, ndani ya kile kibanda, mimi nikiwa nimemshika. Mvua ilikuwa imekata barabara na hatukuweza kumshusha Tanga, basi alizikwa Maramba, mama yake akiwa Chumbageni hana habari. Waislamu wa pale walimwosha na kumswalia. Manamba nao walikuja kutoka kambini, wengi kuliko nilivyotazamia. Hawakuwa watu wa dini yetu, wakasimama mbali kidogo na kaburi, kofia mikononi, mvua inawanyeshea. Hakuna kati yao aliyejua jina la mume wangu. Walimwita mtu wa kengele.

Walipokuwa wakitawanyika, mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alinijia. Alinishika mkono akanipa pole kwa Kiswahili cha kujifunza. Halafu akauliza, "Mama, sasa nani anakaa pale?"

Nikamwambia sijui. Akaitikia kwa kichwa, akamfunga mtoto vizuri, akaondoka na wenzake kuelekea kambini. Mimi nilianza eda kwa shangazi, na barabara ilipokauka nikarudi Chumbageni kumwambia mama yake.